Mbwa Waliosoma Noti

Siku ya Jumanne, mwezi wa kumi na moja wa mwaka 1978, Ngoie Kitwa alianika karatasi za muziki kwenye kamba ya nguo, nyuma ya jiko lake, pale Kamina. Mvua ilikuwa imepenya kwenye bati ikaingia katika sanduku la marehemu mkewe, na karatasi zililowa pamoja na vitenge. Vitenge alivitandaza juu ya majani. Karatasi alizibana kwa vibanio, moja moja, mistari yake mitano ikiangalia jua. Mbwa tisa waliokuwa wamelala chini ya kamba wakanyanyua vichwa. Wakaitazama karatasi ya kwanza, kutoka kushoto kwenda kuume. Kisha wakaiimba.

Waliimba sauti zote nne. Médor, mbwa mkubwa mweusi aliyekuwa wa injinia mmoja Mzungu, alichukua sauti ya chini. Reine, jike jeupe la Mgiriki wa duka la vitambaa, alichukua ya juu. Walipomaliza karatasi ya kwanza walisogea hatua mbili, wakaanza ya pili. Ngoie alisimama na kibanio mkononi, akisikiliza, mpaka walipofika kwenye alama ya kurudia. Hawakurudia. Wakapita tu.

"Mumeruka reprise," aliwaambia. "Rudieni."

Mbwa wakarudi mwanzo.

Salomé, jirani yake, alikuwa anatwanga mihogo ng'ambo ya ua. Aliacha kutwanga kidogo, akasikiliza, akaendelea.

"Njo mbwa ya bazungu, Tata Ngoie," alisema. "Ilisoma."

"Ilisoma, ndiyo. Siye tulisomeshwa kufagia."

Hiyo haikuwa kweli kabisa. Ngoie alisoma miaka mitatu kwa mapadri. Herufi zilimshinda, na mpaka leo jina lake mwenyewe alilisoma kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Lakini padri mmoja, ambaye naye amekufa, alimpa bombardo, lile tarumbeta kubwa la shaba, akamfundisha noti za fanfare, bendi ya misheni, na noti zilimwingia kwa wiki moja. Noti haina ujanja, ndivyo alivyozoea kusema. Ikipanda, inapanda. Ikishuka, inashuka. Si kama herufi, ambayo wakubwa wanaiandika hivi na kuisoma vile.

Mbwa wale hakuwachukua kwa huruma. Médor alikuwa amemuuma paja mwaka wa sabini na moja, wakati Ngoie alipokuwa zamu kwa injinia, akilinda geti kwa fimbo na taa. Bazungu waliwafundisha mbwa zao kumbwekea mtu mweusi, na mbwa walijua kazi. Kisha, mwezi wa tano mwaka 1978, vita ya pili ya waasi ikaingia Kolwezi, na bazungu wa Kamina wakakimbilia Base, kambi ya ndege za jeshi, wakapanda ndege na watoto, na masanduku, na hata picha za ukutani. Mbwa walibaki kwenye barza wakiangalia barabara. Kwa siku kadhaa waliendelea kuwabwekea watu weusi. Baadaye waliona hakuna watu wengine, wakanyamaza.

Nyumba zile walipewa wakubwa wa Chama tawala. Wakachukua nyumba, gari, friji, mapazia. Mbwa hawakuwataka. Mbwa wakaishi kwa majalala miezi minne, mpaka ikatoka amri wapigwe risasi, juu wanaharibu sura ya mji. Ngoie aliposikia risasi ya tatu alitoka na kamba, akapita barza kwa barza.

"Kuyeni kwangu, bajinga," aliwaambia. "Hawarudi. Na mukibaki hapa wanawamaliza."

Ilikuwa wiki moja baada ya kumzika mkewe, na hasira yake ilikuwa bado haijapata mahali pa kukaa.

Mkewe aliitwa Marie-Thérèse. Serikali ilikuwa imekataza majina ya kizungu ya namna hiyo, na kwenye kitambulisho aliandikwa Mwanza Kisimba, lakini Ngoie hakuoa kitambulisho. Alikuwa mtu wa kutunga nyimbo. Alitunga akitwanga, akiosha, akingojea treni ya samaki kutoka Bukama. Wimbo wake mmoja ulikuwa wa mwanamke anayeiomba treni ipite taratibu, juu mume wake iko ndani, amelala, na amefanya kazi siku tatu. Wimbo huo ulitoka katika lupango lao, ua wa nyumba yao, ukaenda gare, kituo cha treni, ukaingia kwenye baa, ukapata magitaa, na mwaka uliofuata watu wa Kabondo-Dianda waliuimba wakidhani ni wa kwao. Ngoie aliuandika kwa noti, sauti nne, ili usipotee.

Haukupotea. Chama kiliusikia. Mputu, animateur, yaani mwongoza nyimbo, wa kikundi cha Chama, mtu mwenye filimbi shingoni, aliondoa treni, akaondoa mume, akaweka Kiongozi. Tangu hapo ukawa wimbo wa kusimama wima. Marie-Thérèse akaitwa awaongoze wanawake kuucheza, wimbo wake mwenyewe, na maneno ambayo hakuyatunga.

Mwezi wa tisa alitangazwa mgeni kutoka Kinshasa. Wanawake walipangwa uwanjani tangu asubuhi. Marie-Thérèse alikuwa na homa. Ngoie mwenyewe alikwenda kwenye hema la wakubwa kumwomba Komisere, mkuu wa serikali pale Kamina, amwachie mkewe arudi. Komisere Bolingo alikuwa mtu wa mbali, wa kwenye mto mkubwa. Kiluba, lugha ya watu wa pale, hakukijua, na Kiswahili alikijua cha kuamrisha tu. Alikuwa anakula karanga.

"Sitwayen, bibi yako ni sauti ya kwanza," alisema. "Sauti ya kwanza hairudi nyumba."

Ndege ya mgeni haikufika siku ile. Marie-Thérèse alisimama mpaka jua likazama, akabebwa mgongoni, na siku ya tatu akafa. Ofisini waliandika kwamba amefia nyumbani kwake, kwa malaria, hakuna neno lingine.

Ngoie angeweza kumeza hayo, kama alivyomeza mengine. Kilichomkaba ni kwamba kifo cha mkewe hakikupigwa kwenye kyondo. Kyondo ni ngoma ya gogo lililochimbwa tumbo, lenye midomo miwili, mmoja wa sauti ya juu na mmoja wa sauti ya chini. Kwa kuwa Kiluba chenyewe kinapanda na kushuka, gogo hilo linasema maneno, na kila Muluba anayaelewa akiwa shambani kwake. Kwa watu wa Ngoie, mtu ambaye kifo chake hakijapigwa, na jina lake la kyondo, na kilichomuua, ni kama amesafiri tu. Hakuna anayeleta kuni. Hakuna anayekuja kukaa. Kilio hakifunguki, kwa hiyo hakifungwi. Na kyondo ilikatazwa tangu vita, juu wanajeshi waliogopa kwamba inaita waasi. Ile ya mtaa ilifungiwa ofisini kwa Komisere, na juu yake waliweka chungu cha maua.

Ngoie alikwenda ofisini mara tatu kuomba ngoma itolewe kwa saa moja. Mara ya tatu karani alimwambia kwamba akirudi tena, watampeleka huko aliko mkewe, wakaongee vizuri.

Basi Jumanne ile, mbwa wakiwa wanarudia karatasi ya kwanza kama walivyoambiwa, Mputu alipita barabarani. Akasikia wimbo wa Chama unatoka nyuma ya jiko. Akasimama wima kwanza, kama sheria ilivyotaka, kisha akachungulia juu ya ua. Mbwa hakuwajali. Alijali karatasi, alama asizozijua, akaenda kutoa habari. Kabla ya jua kushuka wanajeshi wanne walikuja na gari, wakang'oa karatasi pamoja na kamba na vibanio, wakamchukua na Ngoie.

Asubuhi alisimamishwa mbele ya ofisa wa usalama mwenye cheo cha Adjudant. Karatasi zilikuwa zimetandazwa mezani.

"Oyo nini?" Adjudant aliuliza kwa Kilingala, akigonga ya juu kwa kidole. Kisha akarudia kwa Kiswahili cha kambi: "Hii ni nini?"

"Muziki, chef."

"Muziki inasikika na masikio. Hii minaona na macho. Hii ni reli."

Alikuwa ameshaisoma yote. Kamina ni mji wa reli, na mgeni yeyote aliyefika anaonyeshwa gare kabla ya kanisa. Mistari mitano, Adjudant alieleza, ni njia tano za gare. Nukta nyeusi ni wagoni zilizojaa. Nukta nyeupe ni wagoni tupu. Zenye mkia ni lokomotivu. Vile vijisalaba vidogo ni mahali pa kulipua. Alikuwa ametuma mtu alfajiri kwenda gare kuhesabu wagoni, na hesabu ilikaribiana sana.

"Na hii nyoka hapa mwanzo?"

"Ni ufunguo, chef. Ufunguo wa sol."

"Wa mulango gani?"

Ngoie alikuwa amechoka na watu wenye vyeo.

"Sikia, mzee," Adjudant alisema. "Kama ni muziki, kuko muntu anaweza kuisoma. Nitajie. Nimuite hapa, asome mbele yangu. Kama hakuna, nakutuma mbele, kwa wale hawaulizi."

Ngoie alifikiri. Padri alikuwa amekufa. Katika watu wa fanfare, wawili waliuawa vitani, mmoja alikuwa kipofu, na wengine walivuka kwenda Zambia, hawakuandika barua.

"Mbwa zangu," alisema.

Adjudant akaandika: mbwa. "Ngapi?"

"Tisa."

"Balete."

Mbwa waliletwa ndani ya gari la wanajeshi, na karatasi zikabanwa tena kwenye kamba, safari hii uani kwa usalama. Mbwa wakasoma. Kabla hawajafika mbali, Adjudant akautambua wimbo wa Chama. Akavaa kofia, akasimama wima. Wanajeshi wanne wakasimama wima. Mfungwa aliyekuwa anabeba ndoo ya maji aliiweka chini akasimama wima. Sheria ilikuwa kwamba wimbo ule ukisikika hakuna wa kukaa, na haikutaja ni nani anayeimba. Na kwa kuwa mbwa sasa waliheshimu reprise, walisimama mara mbili ya muda wa kawaida.

"Njo muziki," Adjudant alisema, akivua kofia. "Ungesema tangu asubuhi."

Ngoie alikuwa amesema tangu asubuhi. Alirudishiwa vibanio vyake. Karatasi na mbwa vilipelekwa kwa Komisere, na yeye akafuata kwa miguu.

Komisere Bolingo aliwasikiliza kwenye barza ya ofisi, na sahani ya karanga kwenye mapaja. Hakushangaa. Alisema kwamba kule kwao aliwahi kuona mbuzi aliyejua saa ya misa. Alikuwa na shida moja tu.

"Majina yao?"

"Médor, Reine, Tino, Max..."

"Simama hapo. Jina ya mukoloni? Ndani ya kikundi cha Chama? Apana."

Mputu aliamriwa awape majina ya kienyeji siku ile ile. Hakuwa na majina tayari, akatoa ya wajomba zake. Tangu jioni ile Médor aliandikwa kwenye orodha kuwa mwananchi, sitwayen Kabange.

"Mugeni anakuja Jumamosi," Komisere alisema. "Ule ule wa mwezi wa tisa. Mara hii anafika. Bamama watacheza, mbwa wataimba. Lakini wimbo ni mufupi. Mugeni iko na muguu mubaya, anatembea polepole. Kutoka gari mpaka kiti, wimbo unamuacha njiani. Uongeze page."

"Page ya nini, Komisere?"

"Kitu ya nguvu. Ya kienyeji. Weye unajua mambo ya hapa."

"Najua," Ngoie alisema.

"Na weye mwenyewe utawashikia karatasi. Hakuna mwingine anajua wakati wa kufungua." Komisere alimtazama, akatafuna, akamtazama tena. "Bibi yako njo alikuwa sauti ya kwanza?"

"Njo yeye."

"Pole. Tulipata mwingine."

Ngoie hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa Mulumba, aliyekuwa mpigaji wa kyondo kabla ngoma haijafungwa. Mulumba hakuwa mtu wa hekima. Alikuwa mlevi mwenye masikio mazuri, na tangu ngoma ichukuliwe alipika lutuku, pombe kali, akinywa nusu na kuuza nusu. Alikuwa amekaa mlangoni, karibu na mtungi.

"Unipe maneno ya Marie-Thérèse," Ngoie alisema.

"Ngoma iko kwa Komisere. Inabeba maua."

"Siombi ngoma. Naomba maneno. Mbwa watasema."

"Weye na mbwa yako mutanitia kaburini."

"Lutuku itakutia mbele yao. Sema, Mulumba. Dada yako alipokufa ulipiga mpaka mikono ikatoka damu. Wangu amekaa miezi miwili kama mutu aliyepotea sokoni."

Mulumba aliangalia barabara pande zote mbili. Akaingia ndani, akatoka na vijiko viwili na bakuli la bati. Bakuli lilikuwa sauti ya juu. Mtungi ulikuwa sauti ya chini. Akapiga mwito wa kwanza, ule wa kuwafanya watu waache jembe. Kisha akapiga jina la Marie-Thérèse, ambalo kwa kyondo lilikuwa refu, kama yalivyo yote: Anayetwanga-Akiimba-Mchi-Unamjibu. Ngoie aliandika kwenye karatasi yenye mistari, ya juu juu, ya chini chini. Ilikuwa kazi nyepesi kuliko alivyofikiri. Padri hakuwahi kumwambia kwamba Kiluba nacho kinaandikika namna ile.

"Na sababu," Mulumba alisema, sauti yake ikiwa imeshuka. "Kwetu hatupigi kifo bila sababu. Nani alimuua?"

"Jua."

"Jua linawaka juu ya wote. Nani?"

"Bolingo."

"Yule hana jina ya kyondo. Si mutu wa hapa."

"Umupe."

Mulumba alikunywa, akafikiri. Kisha akapiga: Mgeni-Anayekula-Karanga-Kivulini. Hakuridhika. Akapunguza pigo moja mwishoni, akarudia, akaitikia kwa kichwa kwamba sasa linakaa. Alipomaliza aliosha vijiko, ingawa havikuwa na kitu.

Ukurasa ule Ngoie hakuwafanyia mbwa mazoezi. Hawakuhitaji.

Jumamosi jua lilikuwa kali. Wanawake walikuwa wamepangwa tangu asubuhi, na mbele, mahali pa Marie-Thérèse, alisimama Salomé. Mbwa walifungwa vitambaa vya kijani shingoni. Ngoie alisimama mbele yao na karatasi zilizobandikwa kwenye ubao, mgongo wake ukielekea hema la wakubwa, na hilo lilimfaa, juu hakutaka kuwaona.

Mgeni alifika kweli. Alitoka garini, mguu mmoja, halafu mwingine. Mputu akapuliza filimbi. Wanawake wakacheza, mbwa wakaimba, uwanja mzima ukasimama wima. Mgeni alikuwa nusu ya njia wimbo ulipokwisha. Ngoie akafungua ukurasa mpya.

Mbwa wakautazama, kutoka kushoto kwenda kuume. Reine na wenzake watatu walichukua noti ya juu. Médor na waliobaki walichukua ya chini. Noti mbili tu, juu, chini, chini, juu, bila utamu wowote. Kwa wanajeshi wa kambi, waliotoka pembe zote za nchi, ilikuwa mbwa wanaolia. Kwa Komisere ilikuwa kienyeji. Kwa kila mtu aliyenyonya Kiluba pale uwanjani, na walikuwa karibu wote, ilikuwa hivi:

"Sikilizeni mulio karibu, sikilizeni mulio ng'ambo. Anayetwanga-Akiimba-Mchi-Unamjibu, binti wa Kisimba, mke wa Kitwa, amekufa. Alikuwa na homa. Alisimamishwa juani. Aliyemsimamisha ni Mgeni-Anayekula-Karanga-Kivulini. Leteni kuni."

Watu wakageuka kuangalia hema. Komisere alikuwa na karanga mkononi.

Mikono ya wanawake ikaanza kupanda, polepole, kwenda kichwani, kama inavyofanywa mtu akisikia kifo. Ilifika mabegani. Mputu, mtoto wa Baluba kama wao, alikuwa ameelewa kila neno. Filimbi ilikuwa imemtoka mdomoni. Akamtazama Komisere. Akawatazama wanajeshi. Akairudisha filimbi, akapuliza.

"Mikono!" alipiga kelele. "Mikono, bamama! Mikono!"

Mikono ikashuka kutoka mabegani, ikakutana mbele ya vifua. Wakapiga makofi. Wanaume wakafuata. Uwanja mzima ukapiga makofi.

Mgeni alikuwa amefika kwenye kiti. Akakaa, akanyoosha mguu mbaya, akauliza ile sehemu ya mwisho ni nini.

"Ya kienyeji, Excellence," Komisere alijibu. "Ya hapa hapa."

"Bis," mgeni akasema.

Mbwa wakasoma tena. Kifo cha Marie-Thérèse kilitangazwa mara ya pili, wazi zaidi ya ile ya kwanza, juu upepo ulikuwa umetulia. Makofi nayo yalikuwa makubwa zaidi. Ngoie, bila kugeuka, aliyatambua makofi ya shemeji zake wawili, watu wa mikono mizito.

Siku kumi baadaye Komisere Bolingo alipandishwa cheo, akaitwa mkoani. Mbwa alikwenda nao. Walipanda wagoni ya daraja la kwanza, wakakaa kwenye viti. Ngoie alikwenda gare kuwaona, ingawa hakuna aliyemwita. Médor, yaani sitwayen Kabange, alimwona kupitia dirishani akambwekea kama mwaka wa sabini na moja. Huko mkoani redio iliurekodi wimbo wote, na ukurasa wa mwisho. Tangu hapo kila asubuhi, kabla ya habari, redio ilitangaza kwamba Marie-Thérèse amekufa na nani alimuua, na Baluba wa mkoa wote wa Shaba walishusha vikombe kidogo, wakasikiliza, wakaendelea kunywa chai.

Watu wa mtaa walikuwa wamengoja treni iondoke kwanza. Kesho yake walileta kuni.

Walikuja mmoja mmoja, mchana kweupe, kila mtu na mzigo wake, wakaweka kuni katika lupango la Ngoie na kukaa kwenye mikeka. Wanawake walileta unga, na Salomé alileta sombe ya majani ya mihogo. Moto ukawashwa. Shemeji wawili walikaa mbali kidogo. Mulumba alikuja na chupa, akakaa karibu.

"Ile mbwa nyeupe ilichelewa pale pa 'amekufa'," alisema.

"Haikuchelewa. Niliandika vile."

"Basi weye njo ulikosea."

Walikaa muda mrefu. Mtu mmoja alianza kulia, kisha wengine, kilio cha kawaida, kama kinavyopaswa kuwa. Ngoie hakulia. Aliwangoja wamalize.

"Mulipiga mikono," alisema.

Kuni zililia kwenye moto. Salomé njo alisema.

"Tulipiga, Tata."

"Mara mbili."

"Mara mbili. Na weye je? Weye ulishika karatasi."

Ngoie alisogeza gogo motoni. Ni kweli, alikuwa ameshika karatasi, na ile ya pili alikuwa ameifungua kwa wakati wake kabisa.

Jua lilipokuwa utosini Mputu aliingia. Alikuwa na filimbi shingoni na orodha kwapani, na kwenye bega alikuwa amebeba gogo zuri la kuni, kavu, kubwa kuliko la mtu yeyote. Akaliweka pamoja na mengine. Akavua kofia, akakaa kwenye mkeka na kuinamisha kichwa muda unaotakiwa na mila, hakuupunguza. Kisha akasimama, akavaa kofia, akafungua orodha.

"Komisere mupya anafika kesho," alisema. "Mazoezi leo, sasa hivi, uwanjani."

Akasoma majina ya kwenye vitambulisho, na wanawake wakajitambua mmoja baada ya mwingine, wakainuka kutoka kwenye mikeka, wakakung'uta vumbi. Salomé aliinuka wa mwisho. Alijishikilia kwenye nguzo ya jiko. Uso wake uling'aa kwa jasho, na meno yalikuwa yanagongana.

"Niko na homa, Mputu. Uguse."

Mputu hakugusa.

"Weye ni sauti ya kwanza, mama," alisema, kwa upole, kama mtu anayekumbusha njia.

Salomé akachukua kitenge cha Chama, akakifunga juu ya kitambaa cha kilio. Wenzake walikuwa wameshatoka getini. Mulumba alikuwa bado kwenye mkeka, chupa kati ya miguu, na hakuinua kichwa.

"Mama Salomé," alisema. "Jina yako ya kyondo ni gani?"

Salomé alimwambia, mara mbili ili asikosee, halafu akawafuata wenzake juani.